Daftari la Mishahara na Mabaraza ya Miji: Habari za Makato ya Ada za Vyama vya Wafanyakazi Marekani

Miongoni mwa mambo yaliyozusha ugomvi mkubwa baina ya wafanyakazi na watawala wao katika nchi ya Marekani, liko moja ambalo kwa sura ni dogo mno hata mtu aweza kulipita asilione, nalo ni mstari mmoja katika daftari la mishahara unaoonyesha kuwa kiasi fulani cha fedha kimekatwa kabla mfanyakazi hajapokea haki yake, kikapelekwa katika hazina ya chama chake. Msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa aliyepata kushika karatasi ya mshahara anaujua mstari huo, na pengine hajapata kuufikiria zaidi ya kujumlisha na kutoa. Huko Marekani mstari huo umepigiwa kura na mamilioni ya raia, umefikishwa mbele ya majaji wa mahakama ya juu kabisa, na katika mji mmoja wa kusini umegharimu roho za watu. Azma ya makala haya ni kueleza jinsi serikali za miji, ambazo hapo kwanza zilikuwa wapinzani wakali wa makato hayo, zilivyogeuka nyingi miongoni mwake zikawa watetezi wake, hata madiwani wakaketi na kupitisha maazimio ya kupinga kila jaribio la kuyazuia yasitumike katika siasa.

Asili ya jambo hili tutaipata katika migodi ya makaa ya mawe. Mchimba makaa wa karne ya 19 aliishi katika nyumba ya mwenye mgodi, akanunua unga na mafuta katika duka la mwenye mgodi, akatibiwa na tabibu aliyewekwa na mwenye mgodi, na hata baruti aliyopasulia mwamba aliuziwa na huyo huyo. Na madeni yote hayo yalikatwa katika ujira wake kabla hajautia mkononi. Wachimbaji walipounda chama chao, United Mine Workers, mwaka 1890, hawakukosa kuona kwamba kalamu iliyokuwa ikikata fedha za duka ingeweza kukata ada ya chama vilevile, nao wakalidai jambo hilo katika mapatano yao na waajiri hata wakalipata katika machimbo mengi. Maana yake ilizidi kurahisisha makusanyo. Chama kinachokusanya ada mkono kwa mkono kila mwisho wa mwezi hutumia nguvu zake katika kukusanya tu, na wanachama wake hujulikana mmoja mmoja kwa msimamizi mwenye chuki. Ilhali chama ambacho ada yake hukatwa na karani chaweza kuweka hesabu, kumlipa mwanasheria, na kuketi mezani na mwajiri bila ya kuhofu kwamba mwezi ujao kitafilisika.

Sheria ya Taft-Hartley ya mwaka 1947, ambayo Bunge la Marekani liliipitisha juu ya kura ya turufu ya Rais Harry Truman, na ambayo vyama viliichukia kwa mambo mengi, iliyaruhusu makato kwa sharti la kwamba kila mfanyakazi atie sahihi hati ya ridhaa yake, na hati hiyo isimfunge kwa zaidi ya mwaka mmoja. Sharti hilo lilikuwa la insafu. Lakini sheria hiyo haikuwahusu watumishi wa majimbo, wala wa kaunti, wala wa miji, wala wa shule za umma. Mzoa taka, mwalimu, mzimamoto na muuguzi wa hospitali ya kaunti walibaki chini ya hiari ya meya na madiwani, na chini ya sheria za jimbo lao kama zilikuwapo. Baadhi ya mahali walikubali mapema. Wisconsin, ambako chama cha watumishi wa serikali kiitwacho AFSCME kilianzishwa mwaka 1932 katika mji wa Madison, ilitunga mwaka 1959 sheria ya kwanza ya jimbo ya kuwapa watumishi wa miji haki ya kupatana na waajiri wao; Meya Robert Wagner wa New York alikuwa ametoa amri ya namna hiyo mwaka 1958; Rais John Kennedy akawafungulia mlango watumishi wa serikali kuu mwaka 1962; na California ikatunga sheria yake kwa watumishi wa miji na kaunti mwaka 1968. Kwingineko, hasa katika majimbo ya kusini, jawabu lilikuwa la kukataa.

Hapo ndipo tunapofika Memphis, mji ulio kando ya mto Mississippi katika jimbo la Tennessee, na msomaji aniwie radhi nikikaa hapa kidogo, kwa kuwa sijui mahali pengine ambapo maana ya makato haya ilidhihirika kwa uchungu kama hapo. Wazoa taka wa Memphis, karibu wote watu weusi, walibeba taka vichwani na mabegani katika mabeseni yaliyovuja, kwa ujira mdogo hata baadhi yao wakastahili msaada unaopewa mafukara, ingawa walikuwa na kazi ya kutwa. Mvua iliponyesha walirudishwa nyumbani na malipo ya saa chache, huku wasimamizi wao weupe wakilipwa siku nzima. Tarehe 1 Februari 1968 wafanyakazi wawili, Echol Cole na Robert Walker, waliokuwa wamejikinga mvua nyuma ya gari la taka, walinaswa na mtambo wa kushindilia uliojiendesha wenyewe, wakafa. Mji ulizipa familia zao mshahara wa mwezi mmoja na dola 500 za mazishi. Tarehe 12 Februari wafanyakazi wapatao 1,300 hawakwenda kazini.

Madai yao hayakuwa mengi: ujira bora, usalama, mji ukitambue chama chao, na ada ya chama ikatwe katika mishahara. Meya Henry Loeb, aliyeshika madaraka mwezi Januari mwaka huo huo, aliwahi kuwa kamishna wa kazi za umma, na kwa hiyo aliwajua wazoa taka na hali yao. Katika nyongeza ya mshahara alikuwa tayari kuzungumza. Katika makato alisimama kama jabali: mji, kwa maneno yake, haungekuwa mkusanyaji wa fedha za chama, na mgomo wa watumishi wa umma ulikuwa haramu kwa sheria ya Tennessee. Wafanyakazi nao walijua kwa nini hawawezi kuliacha dai hilo. Mwenzao T. O. Jones, aliyekiongoza chama, alikuwa amefukuzwa kazi mwaka 1963 pamoja na wengine kwa kujaribu kujiunga pamoja. Tangu hapo wengi walikiunga mkono chama kwa moyo na wakaogopa kukilipia kwa mkono, kwa sababu mtu akionekana akimpa mwenzake ada kazini alijitia katika hatari. Bila ya makato chama kingebaki jina tu, na meya angengoja mwaka upite kisha ayasahau aliyoyaahidi.

Jambo ambalo wengi hawalikumbuki ni kwamba Memphis ilikuwa imeanza mwaka huo huo kutawaliwa kwa mfumo mpya wa meya na baraza la madiwani 13, watatu kati yao wakiwa weusi, na baraza hilo lilikaribia kuumaliza ugomvi kabla damu haijamwagika. Tarehe 22 Februari kamati ya kazi za umma iliyoongozwa na diwani Fred Davis, baada ya wagomaji kuujaza ukumbi na kukataa kuondoka, ilipendekeza kwamba mji ukitambue chama na kukubali makato ya ada. Kesho yake baraza zima lilipokutana, walio wengi waliukwepa uamuzi wa kamati yao wakapitisha maneno mengine yasiyo na nguvu, wakamwachia meya mamlaka yake. Na wagomaji walipotoka kuandamana katika barabara kuu, polisi waliwapulizia dawa ya kuchoma macho. Tangu siku hiyo mgomo wa wazoa taka ukawa mgomo wa watu weusi wote wa Memphis, na wanaume wakatembea na mabango yenye maneno ya kutangaza kwamba wao ni watu. Dk. Martin Luther King alikuja kuwasaidia mwezi Machi. Maandamano ya tarehe 28 yaliharibika, kijana wa miaka 16 akauawa kwa risasi ya polisi. Na tarehe 4 Aprili Dk. King mwenyewe aliuawa katika roshani ya Lorraine Motel.

Rais Lyndon Johnson alimtuma msaidizi wa Waziri wa Kazi, James Reynolds, kusuluhisha, na tarehe 16 Aprili mapatano yakapatikana. Chama kikatambuliwa. Ujira ukaongezwa senti 10 kwa saa kuanzia mwezi Mei na senti 5 nyingine mwezi Septemba. Ama makato, ambayo kwa ajili yake meya alikuwa amekataa kila suluhu, yalipitishwa kwa njia hii: mji ungekata fedha na kuzipeleka katika ushirika wa akiba na mikopo wa wafanyakazi, na ushirika huo ndio ungekabidhi ada kwa chama, ili meya aweze kusema kwamba mji haukukikusanyia chama hata senti moja. Nimelitafakari sharti hilo mara nyingi, na kila mara naona ni jambo la kuhuzunisha kupita kiasi. Hesabu ilikuwa ile ile, karani yule yule, fedha zile zile; kilichobadilika ni mlango wa kupitia tu, na mlango huo ungaliweza kufunguliwa mwezi Februari. Mwaka 2017, miaka karibu 50 baadaye, mji wa Memphis uliwapa wale wachache wa wagomaji hao waliokuwa bado hai dola 50,000 kila mmoja, kisha ukaziongeza zikawa 70,000, kuwa badala ya kiinua mgongo ambacho wengi wao hawakukipata.

Baada ya Memphis serikali nyingi za miji zilijifunza, nyingine kwa kuogopa na nyingine kwa kuelewa, kwamba ni heri kuwa na chama chenye hesabu na viongozi wanaojulikana kuliko kuwa na halaiki yenye hasira isiyo na msemaji. Katika miaka ya 1970 vyama vya walimu, vya wazimamoto na vya watumishi wa miji vilikua upesi. Na vilipokua, ada zao zikaanza kutumika katika siasa. Nalo si ajabu, kwa kuwa mwajiri wa mtumishi wa umma huchaguliwa kwa kura, na mwenye kuchagua mwajiri wake hawezi kujitenga na uchaguzi. Huko Washington sheria za zamani, ya mwaka 1907 kwa makampuni na za miaka ya 1943 na 1947 kwa vyama, ziliwakataza wote wawili kutoa fedha zao za hazina kwa wagombea wa serikali kuu. Lakini majimbo yalikuwa huru kujiamulia, na katika California chama kiliweza kutumia ada kwa wagombea wa jimbo, wa kaunti na wa bodi ya shule. Mahakama Kuu ya Marekani iliamua mwaka 1977, katika kesi ya walimu wa Detroit, kwamba asiye mwanachama aweza kutozwa gharama za mapatano ya mshahara, ila asitozwe fedha za siasa asizoziridhia.

Wapinzani wa vyama hawakutosheka na hayo. Hoja yao ilikuwa kwamba hata mwanachama halali asikatwe fedha za siasa mpaka aombwe idhini kwa maandishi kila mwaka, na waliotaka kufika mbali zaidi walisema zisikatwe kabisa, aridhie asiridhie. Wazo hilo lilipata uhai katika California, katika kaunti ya Orange, kutokana na siasa za bodi za shule, na mwezi Juni 1998 likapelekwa kwa wapiga kura kwa jina la Pendekezo la 226, likiungwa mkono na Gavana Pete Wilson. Mwanzoni wananchi wengi sana walilipenda, kwa kuwa nani atakayekataa kwamba mtu aulizwe kabla fedha zake hazijatumika? Vyama vikafanya kampeni ya nyumba hadi nyumba, vikaeleza jinsi hati za kila mwaka zingenyong'onyeza sauti za wafanyakazi huku sauti za makampuni zikibaki zilivyo, na pendekezo likaanguka kwa kura takribani 53 kwa 47 katika kila mia. Gavana Arnold Schwarzenegger akaitisha uchaguzi maalumu tarehe 8 Novemba 2005, na Pendekezo la 75, lililowalenga watumishi wa umma peke yao, likaanguka kwa hesabu isiyopishana sana na ile. Mara ya tatu ilikuwa tarehe 6 Novemba 2012, kwa Pendekezo la 32, lililozidi yote kwa kuwa lilipiga marufuku fedha yoyote iliyokatwa katika mshahara kutumika katika siasa. Nalo likaanguka zaidi, kwa kura kama 57 kwa 43.

Ni katika mapambano haya ndipo mabaraza ya miji, mabaraza ya kaunti na bodi za shule za California zilipoinua sauti. Namna yake yafaa kuelezwa, kwa sababu sheria ya jimbo hilo katika jambo hili ina hekima. Mahakama Kuu ya California iliamua mwaka 1976, katika kesi ya Stanson dhidi ya Mott, kwamba fedha za umma hazina ruhusa kutumika kuwashawishi wananchi wapige kura upande huu au ule: haijuzu halmashauri kuchapa mabango, kununua nafasi katika redio, wala kuwatuma watumishi wake kupiga kampeni katika saa za kazi. Hata hivyo madiwani hawakufungwa midomo. Waweza, katika mkutano wa hadhara uliotangazwa siku kadhaa mbele kwa mujibu wa Sheria ya Ralph M. Brown ya mwaka 1953, kuweka jambo katika ajenda, kumsikiliza kila mwananchi apendaye kusimama na kusema, kisha kupiga kura juu ya azimio la kuunga mkono au kupinga pendekezo. Katibu huliandika azimio katika kumbukumbu, na kila mwenye kutaka huliona. Hakuna senti ya mlipa kodi inayotoka. Inayotoka ni rai ya waliochaguliwa, na aliyeichukia rai hiyo anajua majina ya walioipigia kura.

Katika maazimio hayo hoja zilikuwa za namna mbili. Ya kwanza ilihusu uadilifu wa lile pendekezo lenyewe. Pendekezo la 32 lilitaja makampuni na vyama sawasawa, na msomaji wa juujuu angedhani mizani imelingana. Lakini makampuni hayakusanyi fedha zao za siasa kwa kukata mishahara ya watumishi, hutoa katika faida, na matajiri hutoa mifukoni mwao. Basi marufuku iliyoandikwa kwa wote wawili ilimpata mmoja. Tena mwaka huo wa 2012 zililetwa dola milioni 11 kutoka kikundi kimoja cha Arizona, za kupigania Pendekezo la 32 na kupinga pendekezo jingine la kodi, na asili ya fedha hizo ilifichwa hata tume ya jimbo inayosimamia fedha za siasa ikaenda mahakamani. Siku moja kabla ya uchaguzi kikundi hicho kikakiri kwamba kilikuwa njia ya kupitishia tu, na mwaka uliofuata waliohusika wakalipa faini ya dola milioni 1. Watu waliotaka kuona kila dola ya mwalimu imeandikiwa hati waliendeshewa kampeni kwa mamilioni yasiyo na mwenyewe anayejulikana. Hapo madiwani waliosema kwamba hii si islahi ya siasa walisema kweli.

Hoja ya pili ilihusu mji wenyewe, nayo naiona nzito kuliko ya kwanza ingawa haikuwavutia waandishi wa magazeti. Makato ya ada katika mji ni tunda la mapatano baina ya mwajiri na waajiriwa wake. Madiwani walikaa mezani, wakatoa hili wakapata lile, na pengine chama kilikubali nyongeza ndogo mwaka wa shida kwa sababu kiliaminiwa katika mambo mengine. Jimbo linapokuja kukata mstari mmoja katika daftari la mji linavunja mapatano ambayo halikuyafanya, kisha linauachia mji kuishi na watu walioudhika. Mwenye kukaa na wazimamoto wake ni mji, jimbo liko mbali.

Lakini kwa sheria miji ya Marekani haina ngao kubwa. Jimbo la Idaho lilitunga mwaka 2003 sheria iliyokataza makato ya mishahara kwa ajili ya siasa, hata kwa mfanyakazi aliyeyataka mwenyewe, na ikawahusu pia watumishi wa miji, kaunti na shule. Vyama, cha walimu wa mji wa Pocatello kikiwa ndicho kilichoipa kesi jina, vilidai kwamba jimbo halina haki ya kuingilia daftari la mishahara ambalo silo linaloliandika wala kuligharimia. Mahakama ya rufani ikawakubalia. Tarehe 24 Februari 2009 Mahakama Kuu ya Marekani ikawageuzia uamuzi. Jaji Mkuu John Roberts aliandika kwamba serikali za mitaa ni matawi ya jimbo lililoziumba, hazina enzi zake zenyewe mbele ya jimbo hilo, na kwamba jimbo kukataa kuwasaidia watu kukusanya fedha za siasa si kuwaziba midomo. Kisheria huenda hayo ni sawa, na mizizi yake ni mirefu katika hukumu za nchi ile. Ila kwa maisha ya watu, nathubutu kusema, hukumu hiyo imewatazama watumishi wa Pocatello kana kwamba waajiri wao ni wazee wa bunge la jimbo huko Boise wasiopata kuwaona.

Wisconsin, jimbo lile lile lililotangulia mwaka 1959, liligeuka mwaka 2011. Sheria namba 10 ya Gavana Scott Walker iliwanyima watumishi wengi wa umma haki ya kupatana isipokuwa juu ya ujira wa msingi, na ikafuta kabisa makato ya ada, huku ikiwaacha polisi na wazimamoto na haki zao. Katika majuma yale ya machafuko, kabla sheria haijaanza kazi, halmashauri nyingi na bodi za shule, wakiwamo madiwani wa Madison, zilikesha zikitia sahihi mapatano mapya na vyama vyao ili makato na haki nyingine zidumu angalau mpaka mapatano yaishe. Mtu aliyedhani miji ilikuwa ikisema kwa adabu tu alipata pale kuona kwamba ilikuwa tayari kutenda.

Sasa yafaa tuwasikilize wa upande wa pili, maana wana neno. Wanasema madiwani si waamuzi wasio na upande: wengi wao walichaguliwa kwa msaada wa fedha na miguu ya vyama hivyo hivyo, na azimio lao ni malipo ya fadhila. Hilo lina ukweli, wala halifai kufichwa. Wanasema pia kwamba chama kikubwa huweza kumsahau mwanachama mmoja asiye wa rai yake, na ushahidi wao mkubwa ulitoka katika vita hivi hivi vya California: mwaka 2005 chama kimoja cha watumishi wa jimbo, SEIU Local 1000, kiliongeza ada kwa robo yake kwa muda ili kupambana na Pendekezo la 75 na jingine, na kikawatoza hata wasio wanachama bila ya kuwapa taarifa mpya na nafasi ya kukataa. Mwezi Juni 2012 majaji saba kati ya tisa wa Mahakama Kuu ya Marekani walisema hilo halikuwa halali. Nami nasema majaji walikuwa na haki. Chama kinachopigana kwa kudai kwamba ridhaa ya wafanyakazi ipo hakiwezi kuchukua fedha za mtu asiyeridhia. Kufanya hivyo ni kuwapa mahasimu silaha, na silaha hiyo ilitumika. Tarehe 27 Juni 2018, katika kesi ya Janus, mahakama hiyo hiyo iliondoa kabisa ada za wasio wanachama katika utumishi wa umma nchini kote, ikaifuta hukumu ya 1977.

Baada ya Janus mfanyakazi wa umma wa Marekani hakatwi ada wala malipo yoyote ya chama ila ameridhia mwenyewe. Jambo ambalo wadhamini wa mapendekezo ya California walisema wanalitafuta, yaani ridhaa, limepatikana. Ingetazamiwa basi kwamba ugomvi ungeishia hapo. Haukuishia. Mwaka 2023 jimbo la Florida lilikataza makato ya ada kwa vyama vingi vya watumishi wa umma, hata mwanachama akiomba kwa sahihi yake, likawatoa katika marufuku hiyo polisi, wazimamoto na walinzi wa magereza; na mwaka huo huo Tennessee ilizikataza wilaya za shule kukata ada za vyama vya walimu, ikiliweka katazo hilo ndani ya sheria ile ile iliyowaongezea walimu mshahara.

Sheria ya kumtaka mwajiri asikate fedha ya mtu pasipo idhini yake ni sheria njema, na kila chama cha wafanyakazi, cha Marekani na cha kwetu, kingepaswa kuifuata hata kama haikuandikwa. Sheria ya kukataza mtu asikatwe fedha yake ilhali ameomba, mwajiri wake amekubali na karani yu tayari, hiyo haimlindi mfanyakazi kwa lolote, na inapowaacha walinzi wenye bunduki ikawashika walimu, madhumuni yake yanajulikana. Madiwani walioipinga walikuwa na masilahi yao, na walikuwa na haki vilevile.